Vyakula Nilivyomkataza Kadzo

Ninyi wasichana mnaouza unga wa kizazi kwa simu, hebu tulieni kidogo nisemezane nanyi. Nawaona kila ninapofungua simu yangu. Mmeweka picha ya glasi ya maji mekundu ya bitiruti, na komamanga lililopasuliwa, na chini yake mmeandika kwamba kwa mwezi mmoja tu ukuta wa kizazi utanenepa na mimba itashika. Siwacheki. Mengi katika maneno hayo ni yangu. Niliyatembeza kwa miguu zaidi ya miaka ishirini, kutoka Kilifi mpaka Mambrui, wengine wenu mkiwa bado mnabebwa mgongoni.

Sasa nina miaka arobaini na saba na nimestaafu, ingawa hakuna aliyeniandalia karamu ya kuniaga. Niliacha mwenyewe, kwa aibu, na aibu hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa kwetu Kibarani, pale Kilifi mjini, na nikashindwa kukaa. Mama alikuwa akisema miguu yangu inawasha. Nilipata kazi dukani nikaiacha, nikapata kazi ya kufua hotelini Watamu nikaiacha pia. Kilichonishika ni kikapu cha Bi Rukia. Huyu alikuwa mama mtu mzima wa Malindi, akiuza viungo vya uji kwa wanawake waliojifungua, na magoti yake yalikuwa yamekataa safari. Alitaka mtu wa kumtembezea mzigo. Mimi nilitaka sababu ya kuamka kila siku mahali pengine.

Alinifundisha kazi kwa subira. Uwatu unaukaanga juu ya makaa yaliyofifia, unaukoroga bila kuacha, mpaka harufu yake iache uchungu na kuanza kufanana na kahawa. Ukizidisha kidogo, umeunguza kikaango kizima. Mdalasini na pilipili manga unavisaga mbali mbali. Tangawizi lazima iwe kavu kiasi kwamba ukiivunja inalia. Na unga wowote uliotoka motoni unauacha wazi mpaka upoe kabisa ndipo uufunge.

Hilo la mwisho sikulifuata mwanzoni. Nilikuwa na haraka ya kuiwahi njia, nikafunga unga ungali vuguvugu. Juma la pili mama mmoja wa Takaungu alinirudishia kikopo, akakifungua mbele ya wenzake, na ndani mlikuwa na ukungu mweupe mrefu. Akaniambia, "Bi Zuhura, dawa yako imeota ndevu. Labda hii ni ya wanaume." Walicheka mpaka nikacheka nami. Laiti makosa yangu yote yangekuwa ya namna ile, yanayoonekana ukifungua kifuniko.

Bi Rukia hakuwahi kuita bidhaa yake dawa. Ukimuuliza alisema anauza chakula. Uji wenye viungo humpasha mzazi mwili na kumpa hamu ya kula, basi, hakudai zaidi ya hapo. Alipofariki, kikapu kikabaki kwangu, na mimi ndiye niliyeanza kusema dawa. Sikupanga. Waliojifungua hununua mara moja tu, arobaini ikiisha hawahitaji tena. Anayetafuta mtoto hununua kila mwezi, na anakungoja mlangoni. Nami nilipenda kungojwa. Mtu asiyekaa mahali popote hufurahi sana kuona watu wanatazama njia kwa ajili yake.

Nikajitengenezea namna yangu ya kufanya kazi. Sikumuuzia mwanamke kabla ya kuingia jikoni mwake. Nilikuwa nafunua sufuria, nachungulia kapu la mboga, nanusa mtungi. Kisha natenga vyakula vya joto upande huu na vya baridi upande ule. Mnajua wenyewe jinsi tunavyogawa vyakula huku kwetu pwani. Madafu ni baridi, tikiti ni baridi, ndimu na embe bichi vinakata damu, mchicha unalegeza tumbo. Tende, asali na tangawizi ni joto. Mwanamke asiyeshika mimba tulisema kizazi chake kina baridi, kwa hiyo namwondolea kila cha baridi na kumwachia vya joto. Niliondoka na heshima kubwa kuliko daktari, kwa sababu daktari hakuwahi kufunua sufuria ya mtu.

Baadaye wanawake walianza kurudi kutoka kliniki na neno jipya, ukuta wa kizazi. Mmoja akaniuliza ukuta huo ni nini. Sikujua. Tulikuwa tumekaa nje, na fundi alikuwa akipiga plasta nyumba ya jirani, anabandua ile kuukuu na kupaka mpya. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwambia kizazi ni nyumba, mtoto hakai kwenye nyumba isiyopigwa plasta, na unga wangu ndio plasta. Yule fundi mwenyewe aligeuka akatikisa kichwa kukubali. Kuanzia siku hiyo nikawa na maelezo, na maelezo yakiwa mepesi hivyo, hakuna anayeuliza umeyatoa wapi.

Sasa niwaambie habari za Kadzo.

Kadzo alikuwa ameolewa Sabaki, karibu na mto unapoingia baharini. Alikuwa mwanamke wa jembe, mwenye mahindi na kunde zake, mcheshi, mwenye kuimba peke yake shambani. Mumewe, Karisa, alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni na kurudi mwisho wa juma. Walikuwa na miaka mitano ya ndoa bila mtoto. Aliyenipeleka kwake ni mavyaa wake, mama yake Karisa, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na hofu. Wazee wa mji walikwisha kuanza kumshauri mwanawe aongeze mke. Aliniambia waziwazi kwamba anampenda Kadzo kuliko huyo wa pili ambaye bado hajaonekana, na kwamba nifanye haraka.

Nikaingia jikoni. Nilikuta sima, samaki, mchicha, na embe bichi lililokatwakatwa na chumvi na pilipili. Kadzo alikuwa analila huku anazungumza nami. Nikamnyang'anya bakuli kwa mzaha. Nikamkataza embe, ndimu, madafu na mchicha, na kisamvu nikakitia humo humo. Nikamwagiza badala yake chai nzito ya rangi yenye unga wangu, kikombe kimoja kila baada ya kula, asikose. Aliniuliza sasa atakula sima na nini. Nikamwambia, "Mwanangu, unataka mboga ama unataka mtoto?" Nilijisifu moyoni kwa jibu lile. Nililitumia katika nyumba nyingine nyingi.

Kuhusu Karisa sikuuliza neno. Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza mwanamume yeyote neno. Ningeanzaje? Sikuwa na kitu cha kumuuzia.

Mwezi wa tatu tangu aanze unga, Kadzo alinipokea kwa furaha akaniambia dawa imefanya kazi, damu yake ya mwezi imekuwa nyingi. Mwezi wa tano ilikuwa nyingi zaidi, na mabonge. Mwezi wa nane hakuwa akiimba tena. Aliniambia ilikwenda siku kumi na moja, analala juu ya leso mbili zilizokunjwa na zote zinalowa, na akiinama kupalilia anaona nyota. Mavyaa wake alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza hiyo ni kawaida?

Hapa nisikilizeni vizuri. Bi Rukia alikuwa na sharti moja, na alinifundisha kabla hata hajanifundisha kukaanga uwatu. Damu ikipita siku saba, au mwanamke akibadilisha kitambaa kila baada ya saa moja, funga kikapu umpeleke hospitali, chakula kimeishia hapo. Nililikumbuka sharti hilo nikiwa nimesimama katika jiko lile. Nililikumbuka neno kwa neno, hata sauti yake. Lakini nilifikiri, nikimpeleka hospitali, Sabaki nzima itasema unga wa Bi Zuhura umeshindwa. Nikasema, "Ni kawaida. Plasta mbovu inabanduka. Lazima itoke yote ndipo mpya ishike." Mavyaa akashusha pumzi. Kadzo akaniomba nimwongezee kikombe cha pili cha chai kwa siku, nikamkubalia, na nikamwachia mavyaa vikopo vya ziada awauzie majirani.

Nikaondoka, na jambo la aibu ni kwamba nilitembea vizuri siku ile. Nakumbuka njia ilivyokuwa, matope makavu yaliyopasuka, flamingo kwa mbali kama vitambaa vimeanikwa. Bado naikumbuka njia ile kwa mapenzi, na sijui nifanye nini na mapenzi hayo.

Niliporudi baada ya miezi mingine nyumba ilikuwa imefungwa. Mavyaa alikuwa nje amekaa juu ya kinu kilicholala. Nilimwamkia, hakuitika. Aliniambia Kadzo ameanguka shambani jembe mkononi, wamembeba kwa bodaboda akiwa katikati ya watu wawili, na sasa yuko wodini Malindi. Kisha akasema taratibu, bila hasira, "Umekuja kutazama plasta yako?"

Nikaenda hospitali. Kadzo alikuwa mweupe midomo, viganja vyake kama karatasi. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani, aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia ni shangazi yake. Lilinitoka tu. Akavuta kiti akaanza kumhoji Kadzo mbele yangu, anakula nini, anakunywa nini. Kadzo alipotaja chai nzito baada ya kila mlo, na kwamba ameacha mboga za majani na ndimu na embe, yule muuguzi akaweka kalamu chini.

"Nani alikukataza mboga?"

Kadzo alinitazama. Nilikuwa karibu naye kuliko muuguzi. Ningeweza kusema. Nilitazama chupa ya maji iliyokuwa ikining'inia, nikahesabu matone yake.

"Hakuna," Kadzo akasema. "Nilisikia tu kwa watu."

Wasichana wangu, nimesemwa sana maishani. Nimefukuzwa nyumba, nimetukanwa mbele za watu. Hakuna lililonichoma kama kufichiwa kosa na mtu niliyemuumiza.

Damu ilihitajika, na hospitali ikaomba jamaa waje kuchangia. Karisa alikuwa bado yuko njiani kutoka Gongoni. Nikajitokeza, nikasema mwili wangu una nguvu, natembea kutwa. Pale wanakuchoma kidole na kudondosha tone lako katika chupa yenye maji ya buluu. Tone likizama, damu yako ni nzito, unaruhusiwa kutoa. Likielea, huna ya kumpa mtu. Langu lilielea. Yule kijana wa maabara akarudia kidole kingine, likaelea tena. Akaniuliza kama nakula vizuri. Kwa nini lisielee? Nilikuwa nikinywa chai yangu mwenyewe kila baada ya chakula, nikijikataza mboga zile zile, ili nionekane mfano. Mavyaa alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Alichungulia ile chupa, akanitazama kuanzia utosini hadi miguuni.

"Hata wewe mwenyewe," akasema. Akakunja mkono wa gauni, akakaa kwenye kiti. Tone lake, la mama wa mboga na embe bichi, lilizama kama jiwe.

Kadzo alipopata nafuu walimpiga picha ya tumbo wakaona uvimbe ndani ya kizazi, umejitokeza palepale penye utando wa ndani, ule wanaouita ukuta wa kizazi. Uvimbe ulikuwepo kabla yangu. Kwa hilo siwezi kujilaumu. Ninachojilaumu ni kwamba ulikuwa ukimwita aende hospitali kila mwezi, kwa sauti kubwa, nami nikamwambia ile ni sauti ya plasta.

Siku ya tatu nilirudi kwa muuguzi nikamwambia mimi si shangazi. Nilitarajia anifukuze. Alifunga mlango, akanipa karatasi, akaniambia niandike kila chakula nilichowakataza watu, maana huja wanawake wengi wa namna ile na hawasemi. Niliandika mbele na nyuma. Alisoma, akanieleza kimoja kimoja, na hayo ndiyo ninayowapa ninyi bure.

Ule utando wa kizazi hujengwa na homoni za mwanamke mwenyewe, kila mwezi, na ukikosa kazi hutoka kama damu. Hakuna chakula kinachoijua njia ya kwenda kuunenepesha, si bitiruti, si komamanga, si tende, si uwatu. Ukivila kama chakula ni vizuri. Lakini mwanamke anayepoteza damu anahitaji madini ya chuma, nayo yamo katika maini, dagaa, maharagwe, kunde, na mboga zile zile nilizozitoa jikoni. Ndimu na embe, vile nilivyoviita vikata damu, ndivyo vinavyosaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Chai nzito juu ya chakula inakizuia. Yaani kama ningekaa chini nikapanga jinsi ya kumkausha mtu damu kwa sufuria, nisingepanga vizuri zaidi. Anayetafuta mimba pia apewe vidonge vya asidi ya foliki kliniki, navyo havina haja ya kutembezwa kwa kikapu. Akiwa na damu nyingi, au kidogo mno, au isiyo na mpango, aonwe na daktari. Na mumewe apimwe siku hiyo hiyo.

Karisa alikataa kupimwa kwa miezi kadhaa. Mama yake ndiye aliyemshinda. Alimwambia kama ameweza yeye kutoa damu uzeeni, mwanawe anaweza kutoa alichoombwa. Majibu yake hayakuwa mazuri sana wala mabaya sana. Alipewa matibabu. Kadzo alitolewa ule uvimbe. Hayo yote ni karibu miaka miwili sasa, na hawajapata mtoto. Daktari amewaambia wasikate tamaa, lakini pia hakuwaahidi kitu. Nawaambia hivyo kwa sababu ninyi hupenda kumalizia habari zenu kwa picha ya kichanga.

Kazi niliiacha, ila ilinichukua muda mrefu kurudi Sabaki. Nilikwenda Marafa, nikaenda Lamu kwa dada yangu, nikarudi Kibarani nikakaa nikashindwa. Nilikuwa nazunguka kila mahali isipokuwa pale. Mwishoni mwa mwaka jana nikaenda, mikono mitupu.

Kadzo alikuwa kibarazani akipukuchua mahindi. Amenenepa kidogo, midomo ina rangi. Aliniitikia salamu, akanisogezea kigoda. Nikamwomba radhi, maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Kilifi, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupukuchua.

Kisha akaniuliza jambo moja. "Siku ile nilipokwambia siku kumi na moja, ulikuwa unajua, ama ulikuwa hujui?"

Ningeweza kusema sikujua. Angeniamini. Nafikiri hata alikuwa akinipa nafasi hiyo, kama alivyonipa wodini.

Nikamwambia, "Nilijua unapaswa kupelekwa hospitali. Nilijua palepale."

Mikono yake ikasimama. Punje chache zilimdondoka akaziacha.

"Basi radhi yako kaa nayo kwanza," akasema. "Nyumba ile yenye mlango wa kijani ni ya Dama. Ana unga wako, alinunua vikopo vyote ulivyoacha kwa mavyaa. Anatokwa na damu mwezi wa tatu huu. Mimi nikimwambia aende hospitali ananiambia nina kijicho, kwa kuwa sikuzaa. Wewe atakusikia."

Nikainuka. Sikuaga.

Dama alikuwa msichana tu, pengine rika lenu. Aliponiona alitandika mkeka mbio mbio, akaniamkia kwa mikono miwili, akaniambia amekuwa akiuliza habari zangu kila mahali, vikopo vinakaribia kwisha, na je, nimeleta vingine? Alikuwa akishika mlango ili asimame vizuri. Nikamwomba anionyeshe kiganja chake. Alikifungua akicheka, akidhani namtazamia bahati.

"Sikuleta kitu," nikamwambia. "Kwa unga ule nilidanganya watu, nami nimekuja kukwambia mwenyewe. Chukua leso yako, twende."